Programu yako ya kwanza ya simu imekwama: anza na dalili, usianze kufuta msimbo

Anayeanza kutengeneza programu za simu hajifunzi kitu kimoja. Anakutana kwa mpigo na kompyuta inayolemewa na zana nzito, na Android Studio au Xcode yenyewe (zana za kuandikia programu za Android na za iPhone), na mtambo unaokusanya vipande vyote viwe programu moja, na simu isiyopokea programu ya mtu isiyemjua, na mwishowe ule msimbo alioandika. Chochote kati ya hivyo kikikwama, skrini hujaa maandishi mekundu yanayofanana, naye hukimbilia mahali pekee anapopafahamu: msimbo wake. Nimekaa na wanafunzi waliofuta kazi ya juma zima, kazi iliyokuwa sahihi, kumbe kilichokuwa kibovu ni kebo.

Ndiyo maana nimepanga mwongozo huu kwa dalili, kama zinavyomtokea mwanafunzi. Mifano mingi ni ya Android, kwa kuwa ndiko wengi huanzia. Kila dalili ina swali moja la kwanza: tatizo liko tabaka gani?

Swali hilo lina kipimo chake, nacho nakiita mradi mtupu. Anzisha mradi mpya kwa kiolezo cha mwanzo kabisa, usiguse hata herufi moja, kisha uendeshe. Ukigoma, msimbo wako hauhusiki, maana bado hujaandika kitu. Tafuta chini yake, kwenye kompyuta, mtandao au simu. Ukifunguka, huko chini ni salama na dosari imo katika ulichoongeza. Kipimo hiki huchukua dakika chache tu, na sijaona kingine kinachookoa muda kiasi hicho.

"Kompyuta inakwama, ujenzi wa mradi hauishi"

Kama ni mara ya kwanza kabisa, subiri. Gradle, yaani mtambo unaojenga miradi ya Android, mwanzoni hupakua vifurushi vingi kutoka kwenye mtandao, na hilo huchukua muda hata kwenye kompyuta nzuri. Mara ya pili huwa haraka. Wengi hukatisha katikati wakidhani imekufa, wakaanza upya, wakakatisha tena. Chini ya dirisha la Android Studio kuna mstari unaoonyesha kazi inayoendelea: ukiona bado unasogea, uache.

Ukiona ujumbe wenye `Could not resolve` au `Read timed out`, mara nyingi huo ni mtandao. Usiguse msimbo. Badilisha mtandao, bonyeza kusawazisha tena, na uangalie kama umewasha ile hali ya Gradle ya kufanya kazi bila mtandao, kwa sababu ikiwashwa kwa bahati mbaya, vifurushi vipya havitapakuliwa kamwe.

Kama ni kila siku, angalia RAM. Android Studio inahitaji angalau GB 8, na ukitaka kuendesha emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, pamoja nayo, GB 16 ndizo zinazokuacha ufanye kazi kwa utulivu. Mwenye GB 8 anaweza kujifunza vizuri kabisa akiacha emuleta na kutumia simu halisi. Huo ndio ushauri ninaoutoa kwanza kila mara. Sababu nyingine mbili husahaulika. Ya kwanza ni programu ya kuzuia virusi inayokagua kila faili linaloundwa wakati wa ujenzi. Ya pili ni mradi uliowekwa ndani ya folda inayonakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni kila sekunde. Hamishia mradi kwenye folda ya kawaida, yenye njia fupi isiyo na nafasi wala herufi za ajabu.

"Emuleta haifunguki, au imebaki na skrini nyeusi"

Hapa karibu kila mara ni uwezo wa kichakato wa kuendesha mashine ndani ya mashine. Kwenye Windows, fungua Task Manager, nenda sehemu ya Performance, chagua CPU, kisha usome palipoandikwa Virtualization. Ikiwa imezimwa, iwashe kwenye BIOS ya kompyuta, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijaanza. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, chagua mfumo wa emuleta wa aina ya ARM. Kama jana ilifunguka na leo imegoma, iwashe kwa Cold Boot, yaani kuanza upya kabisa, kwenye orodha ya vifaa. Hali iliyohifadhiwa mara ya mwisho ndiyo iliyoharibika.

"Simu imechomekwa, lakini zana haiioni"

Fuata mpangilio huu wala usiruke hatua.

Anza na kebo. Kebo nyingi hupeleka umeme tu, hazipitishi data. Simu inachaji, taa inawaka, nawe unaamini imeunganishwa. Mimi mwenyewe kebo ya namna hiyo ilinila siku mbili mwanzoni, nikasakinisha upya kila kitu kwenye kompyuta. Jaribu kunakili picha kutoka kwenye simu: ikishindikana, badilisha kebo.

Kisha Chaguo za Wasanidi. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, uguse nambari ya muundo mara 7 mfululizo. Menyu mpya itajitokeza, na ndani yake utawasha utatuzi wa USB. Ukichomeka simu, itauliza kama unaiamini kompyuta hii. Swali hilo hutokea kwenye skrini ya simu, na kama skrini imefungwa hutaliona.

Sasa andika `adb devices` kwenye dirisha la amri; `adb` ni zana ya kompyuta ya kuzungumza na simu. Orodha ikiwa tupu, rudi kwenye kebo, au kwenye Windows usakinishe kiendeshi cha simu yako. Ikiandika `unauthorized`, lile swali la kuaminiana halijajibiwa. Ikiandika `offline`, chomoa, endesha `adb kill-server`, chomeka tena. Simu yenye Android 11 au zaidi inaweza pia kuunganishwa bila waya kupitia menyu hiyohiyo, na mwenye tundu la kuchaji lililolegea atashukuru.

Kwa iPhone kuna dalili inayowatisha wengi: programu iliyofunguka vizuri wiki iliyopita, leo haifunguki. Ukitumia akaunti ya Apple isiyolipiwa, kibali cha programu unayoisakinisha kutoka Xcode huisha baada ya siku 7. Isakinishe tena, itafunguka. Kuanzia iOS 16 lazima pia uwashe Developer Mode kwenye simu yenyewe. Na Xcode inaendeshwa kwenye Mac tu. Kama huna, anza na Android bila kujiona umepungukiwa.

"Maandishi mekundu yamejaa, sijui nisome wapi"

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu, kwa kuwa anayejua kusoma ujumbe wa kosa amevuka nusu ya safari. Ujumbe huo ni mrefu kwa sababu unasimulia kila mlango kosa lilikopitia. Huhitaji kuusoma wote.

Jiulize kwanza: kosa limetokea wakati wa kujenga, au programu ikiwa tayari inaendeshwa? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Kosa la kujenga huonekana kwenye dirisha la Build. Tafuta maneno `What went wrong`, au mstari wa kwanza unaoanza na `e:` ukifuatwa na jina la faili na namba ya mstari. Soma la kwanza tu. Bano moja lililosahaulika linaweza kuzaa makosa thelathini, na ukilifunga, ishirini na tisa hutoweka. Ukiona `Unresolved reference`, aidha umekosea tahajia, au umesahau `import` juu ya faili, au kifurushi chenyewe hakijaongezwa kwenye faili la Gradle. Ukiona `Unsupported class file major version` ikifuatwa na namba, toa 44 kwenye namba hiyo: 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Maana yake Gradle uliyonayo ni ya zamani kuliko Java inayoiendesha. Pandisha toleo la Gradle, au chagua Java ya chini kwenye mipangilio ya Android Studio. Kinyume chake pia hutokea: programu-jalizi ya Gradle ya Android toleo la 8 inadai Java 17, wala haikubali 11.

Kosa la kuendesha lina sura nyingine. Programu inafunguka kisha inajifunga. Fungua Logcat, dirisha la Android Studio linaloonyesha ujumbe unaotoka kwenye simu, chuja kwa jina la kifurushi cha programu yako, utafute `FATAL EXCEPTION`. Shuka hadi `Caused by` ya mwisho kabisa. Hiyo ndiyo asili, zilizo juu yake ni mwangwi. Chini ya hiyo, tafuta mstari wa kwanza wenye jina la faili uliloandika wewe. Bofya hapo, utapelekwa mahali penyewe.

Ukikuta `NullPointerException`, swali si "nawezaje kuizima". Jiulize kitu gani kilipaswa kuwa na thamani lakini hakikuwa nayo, na kwa nini. Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, inakuruhusu kuweka alama `!!` kuiambia kwamba una uhakika thamani ipo. Mwanzoni wengi huipachika kila mahali hadi mistari myekundu iishe, halafu programu inaanguka mikononi mwa mtumiaji. Nawaomba wanafunzi wangu waichukulie `!!` kama deni.

Ukikuta `NetworkOnMainThreadException`, umejaribu kuwasiliana na mtandao kwenye mkondo uleule unaochora skrini. Android inakataza hilo tangu toleo la 3.0, na ina sababu: mkondo huo ukishikwa, vidole vya mtumiaji havijibiwi, na zikipita sekunde 5 mfumo unamwonyesha ujumbe kwamba programu haifanyi kazi. Peleka kazi ya mtandao kwenye `coroutine`, njia ya Kotlin ya kufanya kazi pembeni bila kuushika mkondo huo.

Halafu, kanuni ambayo sitachoka kuirudia: badilisha kitu kimoja, endesha, tazama. Anayebadilisha vitu vitano na programu ikapona hajui kilichoiponya, na siku ya pili kosa likirudi ataanza kutoka sifuri.

"Nimefuata somo neno kwa neno, kwangu linakataa"

Hujakosea. Somo limezeeka. Fani hii inabadilika kwa kasi: Google ilianza kuitambua Kotlin rasmi kwa Android mwaka 2017, ikaifanya lugha ya kwanza mwaka 2019, na Jetpack Compose, njia mpya ya kuchora skrini, ikatoka toleo lake la 1.0 mwaka 2021. Somo zuri la mwaka 2016 linakufundisha ulimwengu ambao zana zako zimeshauacha.

Umri wa somo hujulikana kwa alama zake, hata kama tarehe imefichwa. Ukiona `android.support.v7` badala ya `androidx`, ni la kale. Ukiona `compile` mahali pa `implementation` kwenye faili la Gradle, vivyo hivyo. `AsyncTask` iliwekwa kando tangu Android 11. `kotlinx.android.synthetic` imeondolewa. `jcenter()`, ghala la vifurushi lililokuwa likitegemewa na kila mtu, lilifungwa kupokea vipya mwaka 2021. Alama moja tu kati ya hizo inatosha: liache somo hilo, utafute jipya, au nenda moja kwa moja kwenye nyaraka rasmi, ambazo siku hizi zina mafunzo ya hatua kwa hatua.

Wasaidizi wa akili bandia wana ugonjwa huohuo kwa sura nyingine. Wamesoma ya kale na ya sasa, na wanaweza kukuchanganyia zama mbili ndani ya faili moja, kipande cha Compose kikae na kipande cha XML, njia ya zamani ya kuchora skrini, vyote vikionekana safi. Waombe wakueleze kila mstari, na usipokee mstari usioweza kuueleza mwenyewe.

"Nikitazama video naelewa, nikibaki peke yangu sijui pa kuanzia"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na huumiza kwa sababu mtu huanza kuamini kwamba hana kipaji. Chanzo si kipaji. Kwenye video, maamuzi yote magumu yameshafanywa na mwalimu: skrini zipi ziwepo, data ikae wapi, kitufe kifanye nini. Wewe umefanya mazoezi ya kuchapa tu. Misuli ya kuamua haijawahi kutumika.

Dawa yake ni ndogo na inauma kidogo. Maliza somo, funga video, kisha ongeza kitu kimoja ambacho mwalimu hakukifanya. Kama mmetengeneza orodha ya kazi za siku, ongeza kufuta, au kupanga kwa tarehe. Utakwama, na kukwama huko ndiko kujifunza kwenyewe. Baada ya hapo jenga upya programu hiyohiyo kutoka kwenye mradi mtupu, ukitazama nyuma pale tu unaposhindwa kabisa. Programu ndogo tatu ulizozijenga hivyo zitakufikisha mbali kuliko saa mia za kutazama.

Ndugu yake wa karibu ni yule anayebadilisha lugha kila mwezi. Mwezi huu Kotlin, ujao Flutter, kisha React Native kwa kuwa mtu fulani ameisifia. Zote ni njia halali. Kotlin ni ya Android, Swift ni ya vifaa vya Apple, Flutter hutumia Dart na React Native hutumia JavaScript kufikia pande zote mbili. Kama unajua JavaScript tayari, React Native itakupokea kwa urahisi. Kama hujui chochote na una simu ya Android, chukua Kotlin. Kisha ubaki hapo hadi uwe na programu moja iliyokamilika, yenye kuhifadhi data na kuisoma tena.

"Nabonyeza kitufe, hakuna kinachobadilika"

Chapisha ujumbe mmoja kwenye Logcat ndani ya kitufe hicho. Ujumbe usipotokea, kitufe hakijaunganishwa na kazi yake. Ukitokea, na thamani imebadilika kweli, basi skrini haijaambiwa.

Compose, Flutter na React Native zote zina wazo moja: wewe hubadilishi skrini, unabadilisha hali, nayo skrini inajichora upya. Lakini hujichora tu ukiibadilisha hali kwa njia inayofuatiliwa. Kwenye Compose, `var` ya kawaida haifuatiliwi. Inahitaji `mutableStateOf` ndani ya `remember`. Kwenye Flutter, mabadiliko hufanyika ndani ya `setState`. Na kwenye Compose na React Native, kosa linalojificha kuliko yote ni kuongeza kipengee ndani ya orodha ileile ya zamani. Ndani imebadilika, ila kwa anayeitazama kutoka nje bado ni orodha ileile, kwa hiyo hakuna kinachochorwa. Mpe orodha mpya.

"Nikigeuza simu, niliyoandika yanapotea"

Android ikigeuzwa, kwa kawaida huivunja skrini yote na kuijenga upya. `remember` peke yake haivuki hapo. `rememberSaveable` huvuka, na `ViewModel`, sehemu inayoshika data za skrini, huvuka pia. Ila `ViewModel` hupotea mfumo ukiiua programu iliyokaa nyuma ili kupata nafasi, kwa hiyo maandishi ambayo mtumiaji asingependa kuyaandika tena yahifadhiwe kwa `rememberSaveable`, na data ya kudumu iwekwe kwenye hifadhidata. Usizime mzunguko wa skrini ili kukwepa tatizo hili: litarudi mtumiaji akibadilisha lugha ya simu.

"Data za mtandao haziji"

Angalia kama `AndroidManifest.xml`, yaani manifesti, faili linaloitambulisha programu kwa simu, ina ruhusa ya `INTERNET`. Kisha angalia anwani. Ikianza na `http` bila `s`, programu zinazolenga Android 9 na kuendelea huikataa, na Logcat itasema `Cleartext HTTP traffic to ... not permitted`. Kama seva iko kwenye kompyuta yako, `localhost` ndani ya emuleta humaanisha emuleta yenyewe, tumia `10.0.2.2`. Kwenye simu halisi tumia anwani ya kompyuta katika mtandao wa ndani, vyote viwili vikiwa kwenye Wi-Fi moja.

Kamera, mahali ulipo na maikrofoni ni jambo jingine: tangu Android 6.0 kuziandika kwenye manifesti hakutoshi, lazima pia umwombe mtumiaji wakati programu inaendeshwa. Arifa zimeingia kwenye utaratibu huo tangu Android 13.

"Kwangu inafanya kazi, nikiwapa wengine inavunjika"

Kuna tofauti kati ya toleo la majaribio na toleo la kutoa. Mfano mzuri ni Flutter: kiolezo chake huweka ruhusa ya mtandao kwenye manifesti ya majaribio, ila si kwenye manifesti kuu. Miezi yote ya kujifunza kila kitu kinakwenda, na siku ya kuwapa marafiki data haziji. Ongeza ruhusa hiyo kwenye manifesti iliyo chini ya `main`. Kwenye Kotlin, kama umewasha R8 inayopunguza ukubwa wa programu, inaweza kubadilisha majina ya madarasa yanayosomwa kutoka JSON, muundo wa maandishi wa kubebea data. Hapo utahitaji kanuni za kuyahifadhi. Jizoeze kujenga toleo la kutoa mapema, hata programu ikiwa na skrini moja tu.

Simu ikikataa kusakinisha kwa ujumbe `INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE`, toleo lililopo limetiwa saini kwa ufunguo mwingine. Ondoa la zamani kwanza, ukijua kwamba data zake zitaondoka pamoja nalo. Na ufunguo wako wa kutoa programu, pamoja na nywila yake, nakili mahali pawili siku ileile unapouunda, nje ya folda ya mradi, wala usiupeleke kwenye ghala la msimbo la wazi.